Lifti ya Gari Uani: Sakafu Kwanza



Leo tunaomba radhi tuzungumze juu ya chuma. Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, tulijiwa na mama mjane wa upande wa Kisauni, akifuatana na mwanawe wa kiume. Mkononi alikuwa na kifuko cha kitambaa, na ndani ya kifuko mlikuwa na bangili nne za dhahabu alizopewa alipoolewa. Kijana ni fundi wa magari. Kwa miaka kumi amefanya kazi katika gereji za watu, na sasa ataka kujitegemea, afanye kazi uani kwao, chini ya paa la mabati ambapo marehemu baba yake alikuwa akilaza teksi. Amepata lifti ya kuinulia magari, ya mtumba, iliyoshuka bandarini, na muuzaji amempa siku saba. Mama anaombwa auze bangili.

Tulidhani ametujia kwa fatwa, tukaanza kueleza. Akatukatiza kwa adabu. "Dhahabu ni yangu na mtoto ni wangu, maalim. Hilo nalijua. Nataka mtu aniambie hiki chuma ni kitu gani, na kitasimama wapi ndani ya nyumba yangu."

Swali lake lilitupendeza. Katika nyumba nyingi mtambo huingia kwa lango la mbele, na mama hupata habari anapoambiwa aondoe kamba yake ya kuanikia nguo.

Sisi ni watu wa chuo na vitabu, lakini gereji hatuigeni. Katika ujana wetu, baada ya darasa za asubuhi, tulikuwa tukimshikia taa mjomba wetu aliyekuwa akitengeneza magari uani kwake. Hakuwa na lifti. Alikuwa na jeki moja na mawe ya kutegemezea. Siku moja alikuwa amelala chini ya gari, akatoka kwenda kutafuta spana ambayo sisi tulishindwa kuiona. Hata hajafika kwenye sanduku la vyombo, jeki iliteleza na gari likashuka. Gilasi ya chai aliyoiacha pale chini, alipokuwa amelaza kichwa, ilisagika ikawa unga. Mjomba alisimama akaitazama muda mrefu, kisha akafunga kazi siku ile na siku iliyofuata. Kwa hiyo kijana anapotuambia kwamba amechoka kuingia chini ya magari yaliyoshikwa na jeki na mawe, hatumwambii kwamba anataka makubwa. Anataka kurudi kwa mama yake jioni akiwa mzima.

Tukaenda kuiona nyumba. Tulimchukua na mkwe wetu mmoja ambaye ni mhandisi wa ujenzi, kwa kuwa kila jambo lina watu wake.

Kwanza tueleze vyombo vyenyewe, ili mama anapotajiwa majina asibaki kutikisa kichwa tu. Lifti za gereji zinazouzwa kwa wingi ni za namna tatu. Iko ya nguzo mbili, ambayo gari husimama katikati na mikono minne hulishika chini ya mbavu zake. Magurudumu hubaki yakining'inia, na fundi hupita chini akiwa amesimama wima. Iko ya nguzo nne, ambayo gari hupanda juu ya reli mbili kwa magurudumu yake. Hiyo ni tulivu zaidi na huwafaa wanaotaka kulaza gari moja juu ya jingine, lakini hula nafasi kubwa, na fundi hawezi kutoa magurudumu mpaka awe na jeki nyingine ya kuweka juu ya reli. Ya tatu ni ya mkasi, ambayo hulala chini kama meza iliyokunjwa na aghalabu huinua gari mita 1 au zaidi kidogo. Hii hufaa kwa breki na magurudumu, ila fundi hufanya kazi akiwa amekaa, na chuma chenyewe humzibia sehemu ya katikati ya gari.

Kijana alitaka ya nguzo mbili, na kwa kazi yake hakukosea. Ubao wa lifti ulisema hubeba tani 4. Magari ya wateja wake ni Probox, ambazo uzito wake ni kama tani 1 na kidogo, na mara mojamoja Prado, ambayo hupita tani 2. Uzito haukuwa tatizo. Urefu ndio uliotusimamisha kidogo. Lifti ile huinua gari karibu mita 1.8. Gari dogo lenye kimo cha mita 1.5 likiinuliwa hapo, paa lake hufika mita 3.3 kutoka chini. Na Hiace ya paa la kawaida, ambayo kimo chake ni karibu mita 2, itafika mita 3.8. Mabati ya uani pale yalikuwa mita 3.2. Muuzaji alikuwa amefika na kupima nguzo tu, akaona zinaingia, akasema mambo yote sawa. Hakulipima gari litakalokuwa juu ya nguzo. Paa la mabati lakini huinuliwa kwa mbao na misumari, na hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi.

Jambo la kumnyima mtu usingizi lilikuwa chini.

Lifti ya nguzo mbili haijishiki kwa kitu chochote ila sakafu. Gari linapokuwa juu, mikono yake huzivuta nguzo ziinamie ndani, na bolti zilizo upande wa nyuma huvutwa kwenda juu mfano wa jino linalong'olewa. Bolti hizo, aghalabu tano au zaidi kwa kila nguzo, zimeshikwa na zege peke yake. Watengenezaji wengi huandika katika vitabu vyao kwamba zege lisipungue unene wa sentimita 10, liwe zima, lisiwe na nyufa, na liwe limekomaa siku 28 tangu kumwagwa. Wengine hutaka unene zaidi. Mhandisi wetu hutaka zaidi siku zote, nasi hatukumbishia.

Aliomba ruhusa ya mama, akatoboa tundu dogo pembeni mwa sakafu ile ya zamani. Zege lilikuwa sentimita 5, na chini yake vifusi vya matumbawe na mchanga. Sakafu iliyobeba teksi kwa miaka 20 bila kulalamika isingezishika bolti zile hata mwaka mmoja. Teksi huikandamiza sakafu, lifti huing'oa.

Kijana akasema basi itavunjwa katikati pale na kumwagwa upya. Alikuwa amekwisha kuchora mahali pa nguzo kwa chaki. Hapo ndipo mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na buibui lake, alipouliza kwa sauti ndogo, "Mtalifanya nini shimo?"

Tukamwuliza shimo gani.

"Shimo la choo la zamani. Marehemu alilifunika tulipojenga choo cha ndani. Liko hapo penye chaki ya upande wa kulia."

Kijana alikuwa hajazaliwa shimo lile lilipofunikwa. Mhandisi alipiga nyundo, ikatoa sauti ya ngoma. Fundi wa rangi, muuzaji, na kijana mwenyewe wamekanyaga pale mara ngapi, na hakuna aliyemwuliza mwanamke aliyekaa katika nyumba ile miaka 30 kitu gani kiko chini ya miguu yao. Nyumba zetu nyingi za Mombasa zina mashimo ya namna hii. Baadhi yamejazwa, mengine yamefunikwa tu kwa mbao na zege jembamba. Anayekumbuka yaliko ni mama au bibi, na aghalabu huwa hatutaki kumsumbua.

Basi lifti imehamishwa upande wa pili, karibu na lango. Na twawaeleza jinsi sakafu mpya ilivyofanywa, kwa kuwa wako wasomaji wenye vijana mafundi watakaotaka kujua.

Lilichimbwa eneo lote litakalobeba nguzo zote mbili, wala si vishimo viwili vya kukaa nguzo tu, ili nguzo zisimame juu ya kipande kimoja na bolti zikae mbali na ukingo. Udongo ukashindiliwa. Zege likamwagwa unene wa sentimita 20, na ndani yake wavu wa chuma uliowekwa juu ya vijiwe ili usilale chini kabisa. Kipimo kilikuwa ndoo 1 ya saruji, 1 na nusu ya mchanga, na 3 za kokoto. Mchanga ulikuwa wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hula chuma polepole hata ndani ya zege. Maji pia. Kisima cha nyumba ile ni cha maji ya chumvichumvi, kama vilivyo visima vingi vya kwetu, kwa hiyo maji matamu yalinunuliwa kwa mikokoteni. Kijana alinung'unika kwamba ananunua maji ya kunywesha sakafu na kisima kiko hatua kumi. Mhandisi akamwambia akifika miaka yake atanung'unika zaidi kama hakuyanunua.

Juu ya kununua lifti yenyewe tutasema machache. Ya mtumba si haramu kuinunua, ila itazamwe mchana. Ikiwa ubao wake wa uzito umebanduliwa, au kitabu chake hakipo na muuzaji hajui pa kukipata, iachwe. Mkono au nguzo iliyoungwa kwa kuchomelewa iachwe vilevile, hata rangi yake ikiwa mpya. Rangi mpya juu ya chuma cha zamani yataka kukwaruzwa kwa kisu. Kamba za waya zipapaswe kwa kitambaa, na palipo na uzi uliokatika kitambaa kitanasa. Mikono ijifunge yenyewe inapoanza kupanda, isiweze kuzungushwa kwa mkono gari likiwa juu. Lifti nyingi zitokazo viwandani ni za umeme wa njia tatu wa volti 415, na nyumba zetu nyingi zina njia moja ya volti 240. Asiyeuliza hili kabla atajikuta na mtambo usiowaka, au atalipia mota nyingine. Na laini ya umeme iwe yake peke yake kutoka kwenye boksi, yenye swichi inayofungika kwa kufuli, isiungwe kwenye soketi ya friji ya jikoni. Hewa yetu ya bahari nayo haina huruma, kwa hiyo kamba na mihimili hutakiwa grisi mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Kuna jambo moja la matumizi ambalo mama anaweza kulisimamia hata akiwa dirishani. Lifti hupandishwa kwa mafuta yanayosukumwa na mota, lakini mtu hapaswi kuingia chini ikiwa imeshikwa na mafuta. Kila nguzo ina meno ndani yake. Gari linapopanda husikika mlio, tak, tak, tak. Likifika juu, fundi hulishusha kidogo mpaka lilale juu ya meno ya pande zote mbili, ndipo aingie. Tumemwambia mama: ukimwona ameingia chini na hukumwona akilishusha kwanza, mwite kwa jina. Kabla ya hapo tena, gari likiinuliwa kiasi cha shubiri tu kutoka chini, lisukumwe na litikiswe. Kama litaanguka, liangukie hapo. Na fundi akumbuke kwamba akiondoa injini au giaboksi, gari lililokuwa sawasawa si sawasawa tena. Lile la mbele jepesi litataka kuinamia nyuma. Umeme ukikatika, kama tunavyoujua, gari hulala juu ya meno yake mpaka umeme urudi, maana aghalabu lazima lipandishwe kidogo ndipo meno yaachie. Asilazimishe kwa nyundo ili kumridhisha mteja mwenye haraka.

Sasa turudi kwenye bangili, na kwenye jambo ambalo mama hakutuuliza lakini hatukuweza kulinyamazia.

Nyumba ile ni ya urithi. Marehemu ameacha mjane, mtoto huyu wa kiume, na mabinti wawili walioolewa, na mirathi haijagawanywa. Kila mmoja ana fungu lake katika ua ule. Zege la sentimita 20 lenye nguzo mbili za chuma si meza ya kuhamishwa siku ya kugawana. Tukamwuliza kijana kama dada zake wana habari. Akasema hawatakataa. Tukamwambia, mwanangu, kutokataa na kuridhia ni vitu viwili, nenda ukawaulize. Alikwenda. Mmoja aliridhia papo hapo. Wa pili alisema ataridhia, kwa sharti kwamba ukija mgao, thamani ya ile sehemu ihesabiwe kama ilivyokuwa kabla, na gharama ya kuing'oa lifti iwe juu ya kaka yake. Kijana aliona amefanyiwa ugumu. Sisi tuliona amefanyiwa uadilifu, na tukayaandika yote, wakatia sahihi mbele ya mashahidi wawili.

Na pesa za mama ni nini? Ni zawadi, ni mkopo, au ni ushirika? Kijana alikuwa akisema "mama ananisaidia", neno ambalo halina mwanzo wala mwisho. Zikiwa zawadi, mabinti nao wana haki ya kutazamwa, kwa kuwa mzazi ameamrishwa uadilifu baina ya watoto wake katika kutoa. Ukiwa mkopo, uandikwe, wala usizidishwe hata shilingi. Ukiwa ushirika, basi mama ana sehemu katika faida na katika hasara, na ajulishwe hesabu kila mwezi. Mama alifikiri siku mbili. Alichagua mkopo. Alisema hasara za magari hazijui, na faida zake hatazifuatilia, bali anataka bangili zake zirudi kwa uzito ule ule wa dhahabu aliozitoa. Zilipimwa kwa sonara, na uzito ukaandikwa kwa gramu. Yeye hakusoma zaidi ya madrasa ya mtaani, lakini hakuna aliyemfundisha namna ya kujilinda na bei ya dhahabu.

Yako na masharti ya nyumba, ambayo aliyatoa yeye mwenyewe. Wateja wataingia kwa lango la gari tu, na kati ya gereji na mlango wa jikoni patajengwa ukuta wa matofali mpaka kimo cha mtu, kwa sababu hakusudii kuvaa buibui kila anapotoka kuchota maji. Kazi ya kugonga vyuma itasimama Magharibi. Ufunguo wa swichi utalala ndani ya nyumba, kwa kuwa wajukuu huja Ijumaa, na mtoto wa miaka sita akiona kitufe hukibonyeza. Mafuta machafu yataingia mitungini yapelekwe kwa wanaoyanunua. Hayatamwagwa chini, kwani chini kwetu ni mwamba wa matumbawe, nayo hupenya mpaka kisima cha jirani. Sisi tuliongeza moja: nyumba ikigeuka mahali pa kazi na kijana akiajiri hata msaidizi mmoja, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamhusu, na vyombo vya kuinulia vizito hutakiwa kukaguliwa kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa. Kibali cha biashara cha kaunti nacho asikisahau.

Na zile siku saba za muuzaji? Zilipita. Kijana hakulala usiku wa siku ya saba. Siku ya nane alipiga simu, lifti ingali pale pale ghalani, na bei ni ile ile. Siku ya kumi na mbili muuzaji alipiga simu mwenyewe.

Mpaka tunapoandika haya, bangili mbili zimeuzwa, kwa ajili ya sakafu, ukuta na kuinua mabati. Mbili zingali ndani ya kifuko, na hazitatoka mpaka zege likomae na mhandisi apite tena kulitazama. Lilimwagwa Jumapili, na leo ni siku ya 19. Limefunikwa kwa magunia, na magunia yanatakiwa yasikauke, khasa kwa jua hili la kaskazi. Kijana huyamwagia maji mchana arudipo kula. Mama huyamwagia baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri, kwa ndoo na kata, akianzia upande wa ukuta. Siku ya 28 itaangukia Jumapili. Kijana ataka kutoboa tundu za bolti siku hiyo hiyo asubuhi. Mama amesema Jumatatu, kwani Jumapili mabinti zake wanakuja, naye hataki vumbi.